Brussels katika nyayo za Vincent van Gogh

Dunia inamkumbuka mchoraji wa Kiholanzi Vincent van Gogh kwa maua yake ya alizeti na kwa kifo chake cha mapema nchini Ufaransa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba njia yake ya uchoraji ilianzia Ubelgiji. Mji mkuu wa nchi hiyo, Brussels, ulimfungia mlango alipotaka kuwa mhubiri, ukampa chumba alipoamua kuwa mchoraji, na mwishowe ukanunua picha yake miezi michache kabla hajafariki dunia. Makala hii inawachukua wasikilizaji kwa miguu katika mitaa hiyo.

Matembezi yanaanzia Laeken, kaskazini mwa Brussels. Leo Laeken ni sehemu ya jiji, lakini mwaka 1878 ulikuwa bado mji wenye utawala wake, uliojulikana kwa mambo mawili: kasri la mfalme lililozungukwa na bustani, na mfereji wenye maji ya kijivu uliopitisha mashua za mizigo. Msafiri akisimama leo kando ya mfereji huo, mbele ya maghala na karakana, ataelewa kwa nini kijana mmoja wa Kiholanzi aliyefika hapo mwezi wa Agosti mwaka 1878 aliutazama zaidi mfereji kuliko kasri.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25. Alizaliwa tarehe 30 Machi mwaka 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Ndugu kadhaa wa baba yake walikuwa wafanyabiashara wa picha, na kwa msaada wao Vincent aliingia kazini akiwa na miaka 16 katika kampuni ya Goupil, iliyouza kazi za sanaa mjini The Hague, London na Paris. Mwaka 1876 aliachishwa kazi. Akajaribu ualimu nchini Uingereza, akauza vitabu Uholanzi, akaanza masomo ya kumwezesha kuingia chuo cha teolojia mjini Amsterdam, na yote hayo hayakufika mbali. Alipofika Laeken alikuwa amebakiwa na tumaini moja tu: kuwa mwinjilisti miongoni mwa maskini.

Katika barua aliyomwandikia mdogo wake Theo mwezi wa Novemba mwaka huo, Vincent alieleza matembezi yake kando ya mfereji, akiwataja wafanyakazi na farasi wazee waliochoka. Pamoja na barua hiyo aliweka mchoro mdogo wa penseli unaoonyesha mkahawa wa wachukuzi wa makaa ya mawe, nyumba ya kawaida kabisa, usiku, chini ya mwezi mwandamo. Mkahawa huo uliitwa Au charbonnage, maana yake, penye machimbo ya makaa. Alimwambia ndugu yake kwamba kuchora kulimvuta, lakini alihofu kungemwondoa katika kazi yake ya kweli. Hakujua bado kwamba hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake ya kweli.

Msikilizaji wa Afrika ya Mashariki na Kati ana sababu ya kusimama kidogo hapa Laeken na kuligeukia kasri pia. Miaka miwili kabla ya Vincent kufika, mwezi wa Septemba mwaka 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliwaita mjini Brussels wasafiri na wataalamu wa jiografia kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Kutokana na mkutano huo iliundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na msafara wake wa kwanza wa Kibelgiji uliwasili Unguja mwezi wa Desemba mwaka 1877. Wawili kati ya Wabelgiji hao walifariki dunia huko huko Unguja mwezi uliofuata. Mwenzao, Luteni Cambier, aliendelea hadi Ziwa Tanganyika na kuanzisha kituo cha Karema mwaka 1879. Na katika mwezi huo huo wa Novemba mwaka 1878, wakati Vincent akichora mkahawa wa wachukuzi, hapa Brussels iliundwa Kamati ya Uchunguzi wa Kongo ya Juu, hatua iliyotangulia kuundwa kwa dola ya Kongo chini ya mfalme huyo. Mtu mmoja aliutazama mji huu akiwaona wabeba mizigo. Mwingine aliitazama ramani.

Shule katika uwanja wa Mtakatifu Katerina

Kutoka Laeken njia inafuata mfereji kuelekea kusini, kisha inaingia mjini hadi kwenye uwanja wa Sainte-Catherine. Zamani meli ziliingia mpaka hapa, kabla ya mabwawa ya bandari kufukiwa, na ndiyo maana mitaa ya jirani bado ina majina ya gati na migahawa mingi ya samaki. Kwenye uwanja huu ndipo palipokuwa na shule ndogo ya kuwafundisha wainjilisti wa Kiprotestanti waliozungumza Kiflamand. Vincent alipokewa kwa majaribio ya miezi mitatu.

Hakuwa mwanafunzi wa kupendeza walimu. Mmoja wa waliosoma naye alisimulia baadaye kwamba siku moja Vincent aliulizwa swali la sarufi, naye akajibu kwamba jambo hilo halimshughulishi hata kidogo. Baada ya miezi mitatu uongozi ulimwarifu kwamba hangeweza kuendelea kwa masharti nafuu waliyopewa wanafunzi wenyeji. Mgeni huyo hakuwa na fedha. Kwa hiyo akafungasha vitu vyake na kuelekea kusini, kwenye eneo la machimbo ya makaa ya mawe liitwalo Borinage, karibu na mji wa Mons.

Habari za Borinage ziko nje ya mji, lakini matembezi haya hayaeleweki bila hizo. Mwezi wa Januari mwaka 1879 alipewa kazi ya kuhubiri katika kijiji cha Wasmes kwa muda wa miezi sita. Vincent aliyachukua maneno ya Injili kama yalivyoandikwa. Aliwagawia wachimbaji nguo zake, akahama chumba kizuri na kulala juu ya majani makavu kibandani, akashuka chini ya ardhi mamia ya mita ili aone walivyofanya kazi. Tarehe 17 Aprili mwaka huo mlipuko wa gesi katika mgodi wa Agrappe, kijiji cha jirani cha Frameries, uliwaua watu 121. Vincent aliwahudumia wagonjwa na majeruhi wa vijiji hivyo. Hata hivyo waliomwajiri hawakuridhika naye. Walisema hana kipaji cha kuhubiri, na mkataba wake haukuongezwa.

Ulifuata mwaka mmoja ambao habari zake hazijulikani sana. Kwa miezi mingi hata Theo hakuandikiwa. Lakini katika majira ya joto ya mwaka 1880, akiwa katika kijiji cha Cuesmes, barua zilianza tena, na mara hii zilijaa habari za penseli na karatasi. Alikuwa na miaka 27, hana kazi, hana cheti na hana mke. Ndipo alipoamua kuwa mchoraji.

Chumba cha faranga 50

Kituo cha tatu ni barabara pana ya Boulevard du Midi, si mbali na kituo kikuu cha reli cha kusini. Leo treni za kasi kutoka Paris, London na Amsterdam hufikia hapo, na eneo lote limejaa wasafiri, maduka ya simu na migahawa ya Wamorocco. Mwaka 1880 pia lilikuwa eneo la wageni na nyumba za kulala za bei nafuu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Vincent alipanga chumba katika nyumba namba 72 ya barabara hiyo.

Hesabu zake zimo katika barua. Chumba, pamoja na mkate na kahawa, kilimgharimu faranga 50 kwa mwezi. Fedha aliyotarajia kutoka nyumbani ilikuwa faranga 60. Zilizobaki ni faranga 10, na kwa hizo ilimbidi anunue chakula kingine, nguo, karatasi, na kuwalipa watu waliokuja kukaa mbele yake ili awachore: wazee, vibarua, wachukuzi, yeyote aliyekubali malipo madogo. Asubuhi alinakili michoro kutoka vitabu vya mafunzo, jioni alichora mifupa ya binadamu ili ajue mwili unavyosimama chini ya nguo.

Katika chumba hicho ndipo alipopata habari iliyobadili uhusiano wake na mdogo wake. Theo alikuwa ameanza kazi katika tawi la Brussels la kampuni ya Goupil mwezi wa Januari mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 15 tu, na kufikia mwaka 1880 alikuwa akifanya kazi Paris kwa mshahara mzuri. Vincent alidhani fedha alizopokea zinatoka kwa baba yake. Mwanzoni mwa mwaka 1881 alifahamu kwamba Theo alikuwa akizitoa yeye, kimya kimya.

Wengi wanaoisikiliza habari hii wanaifahamu kwa ndani kuliko wanavyoifahamu wataalamu wa sanaa. Katika kila familia yenye mtu ughaibuni yuko anayetuma na yuko anayepokea, na kati yao kuna mambo yasiyosemwa. Hapa mkubwa alilishwa na mdogo wake. Vincent alimshukuru na kumwahidi kwamba hatajuta. Tangu hapo mpaka kifo chake aliishi kwa fedha za Theo, na barua zaidi ya 600 alizomwandikia, ambazo leo husomwa kama kitabu kikubwa cha fasihi, nyingi zina habari za deni hilo: shukrani, aibu, hasira, hesabu ya rangi zilizokwisha.

Mwalimu, rafiki na wabeba mizigo

Kutoka Boulevard du Midi hadi Chuo cha Kifalme cha Sanaa, katika mtaa wa Rue du Midi, ni mwendo mfupi kwa miguu. Chuo kilikuwa kimehamia hapo mwaka 1876, na kipo hapo hadi leo. Mchoraji mwenzake wa Kiholanzi aliyekuwa akiishi Brussels, Willem Roelofs, alimshauri ajiunge, na mwezi wa Novemba mwaka 1880 Vincent aliandikishwa katika darasa la kuchora sanamu za kale. Masomo yalikuwa ya bure. Kwa maneno ya Vincent mwenyewe faida mojawapo ilikuwa kwamba darasa lina joto na taa, jambo ambalo si dogo kwa mtu mwenye njaa katika majira ya baridi ya Brussels. Lakini hakudumu humo. Sanamu za plasta hazikumvutia kama wale watu wazima waliovaa viatu vya mbao.

Alichopata Brussels kikubwa zaidi ya chuo kilikuwa rafiki. Anthon van Rappard alikuwa Mholanzi mwenzake, mdogo kwake kwa miaka mitano, mtoto wa familia ya kitajiri na ya kiungwana. Walikutana kwa maelekezo ya Theo. Rappard alimruhusu kufanyia kazi katika chumba chake cha uchoraji, na urafiki wao uliendelea miaka mitano, mpaka walipogombana kuhusu picha ya Wala Viazi mwaka 1885.

Mwezi wa Aprili mwaka 1881, kabla ya kuondoka Brussels, Vincent alimaliza mchoro alioupa jina la Wabeba Mizigo. Unaonyesha wanawake wa machimbo wakitembea wameinama, kila mmoja akiwa na gunia la makaa ya mawe limemfunika kichwa na mgongo. Nyuma yao kuna daraja la reli na minara ya makanisa. Nyuso hazionekani, kinachoonekana ni uzito. Mchoro huo uko katika makumbusho ya Kröller-Müller nchini Uholanzi.

Mtu aliyekulia Bagamoyo, Tabora au Ujiji haoni ugumu kuuelewa mchoro huo. Katika miaka ile ile, misafara ya Jumuiya iliyoundwa Brussels ilitegemea wapagazi kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Waliobeba vitambaa, shanga, bunduki na mahema ya Wabelgiji hawakupata mchoraji wa kuukumbuka mgongo wao. Wanawake wa Borinage walimpata mmoja, na naye alikuwa mtu aliyefukuzwa kazi.

Bruegel na kilima cha makumbusho

Njia sasa inapanda kidogo hadi kanisa la Notre-Dame de la Chapelle, kwenye mwanzo wa mtaa wa Rue Haute, katika eneo la zamani la mafundi na maskini liitwalo Marolles. Katika kanisa hili mchoraji Pieter Bruegel Mkubwa alifunga ndoa mwaka 1563, na alipofariki dunia mwaka 1569 alizikwa humo. Bruegel naye, kwa mujibu wa mwandishi wa kale Karel van Mander, alitoka kijiji kimoja karibu na Breda, yaani eneo lile lile la Brabant alikozaliwa Van Gogh karne tatu baadaye. Wachoraji hawa wawili wanafanana katika jambo moja kubwa: wote waliona kwamba mkulima anayekula, anayelima au anayelala uchovu anastahili kuchorwa kwa makini kama mfalme.

Baada ya kanisa hilo, uwanja wa Sablon na mteremko mfupi vinamfikisha msafiri kwenye Place Royale. Juu ya kilima hiki ziko Makumbusho za Kifalme za Sanaa, na ng'ambo ya pili liko kasri la mfalme la mjini. Mwezi wa Januari mwaka 1890 jina la Van Gogh lilirudi Brussels na kutundikwa ukutani katika mtaa huu wa makumbusho.

Waliomwalika walikuwa kundi la wasanii lililoitwa Les XX, maana yake, Wale Ishirini. Liliundwa mwaka 1883, na katibu wake alikuwa mwanasheria Octave Maus. Kila mwaka kundi hilo lilionyesha kazi za wanachama wake pamoja na za wageni ambao wengine waliogopa kuwaonyesha. Van Gogh wakati huo alikuwa akitibiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Alituma picha sita, zikiwemo mbili za alizeti.

Zilizua ugomvi kabla hata maonyesho hayajafunguliwa. Mwanachama mmoja, Henry de Groux, alikataa picha zake zikae ukumbi mmoja na za Mholanzi huyo. Katika karamu ya ufunguzi maneno yalikuwa makali, na mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec, mtu mfupi sana wa kimo, alimtaka de Groux wapigane kwa silaha. Paul Signac akasema Lautrec akiuawa, yeye ataendelea na pambano hilo. Hakuna aliyepigana, de Groux alijiuzulu. Lakini usiku huo watu walikuwa tayari kuhatarisha maisha yao kwa heshima ya mtu ambaye miaka tisa kabla alikuwa akihesabu faranga kumi zilizobaki, chini ya kilima hiki hiki.

Kisha picha moja ikanunuliwa. Ilikuwa Shamba la Mizabibu Jekundu, aliyoichora Arles mwezi wa Novemba mwaka 1888: wanawake wakichuma zabibu jioni, jua likiwa chini, shamba zima likiwa jekundu kama divai. Aliyeinunua alikuwa Anna Boch, mchoraji, mwanamke pekee katika kundi la Les XX, kutoka familia ya watengenezaji wa vyombo vya udongo. Mdogo wake wa kiume, Eugène, pia mchoraji, alikuwa rafiki wa Vincent na aliwahi kuchorwa naye. Bei ilikuwa faranga 400.

Mara nyingi husemwa kwamba hiyo ndiyo picha pekee aliyouza maishani. Si kweli kabisa, kwani mwaka 1882 mmoja wa baba zake wadogo alikwisha kumlipa kwa michoro ya mji wa The Hague. Lakini ndiyo picha ya rangi ya mafuta ambayo mauzo yake yanajulikana kwa uhakika kuliko nyingine yoyote. Kwa hesabu ya chumba cha Boulevard du Midi, faranga 400 zilikuwa kodi ya miezi minane. Vincent alimwandikia mama yake kwamba ikilinganishwa na bei za wengine ni kidogo, na kwamba kwa sababu hiyo anajitahidi kufanya kazi nyingi.

Tarehe 29 Julai mwaka huo huo wa 1890 alifariki dunia huko Auvers, karibu na Paris, kutokana na jeraha la risasi, akiwa na umri wa miaka 37. Theo alimfuata mwezi wa Januari mwaka 1891. Mjane wa Theo, Johanna, ndiye aliyezitunza picha na barua mpaka dunia ilipozikubali. Shamba la Mizabibu Jekundu haliko Brussels tena. Liliuzwa na kupita mikono kadhaa, na leo liko katika makumbusho ya Pushkin mjini Moscow.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Maisha ya Van Gogh yanaongeza neno kwamba wakati mwingine mvumilivu hupanda, na mbivu huliwa na wengine. Picha alizoshindwa kuziuza kwa bei ya chakula leo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Hata hivyo aliyezilipia kwanza hakuwa tajiri wa mnada, bali kijana mmoja mwajiriwa aliyemwamini kaka yake kila mwezi kwa miaka kumi, bila uhakika wowote.

Msafiri asiyechoka anaweza kuendelea kutoka Place Royale hadi Porte de Namur, mwendo wa robo saa. Hapo unaanza mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ambamo Kilingala, Kifaransa na Kiswahili husikika katika saluni na maduka ya vyakula. Kwenye mlango wake uko uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 2018. Karibu na uwanja huo watu husimama kwenye foleni za maduka ya kutumia fedha. Kila mmoja ana karatasi yenye jina la ndugu aliye mbali, na wengi hawajui kama huyo ndugu atafika popote. Wanatuma tu, kama Theo alivyotuma.